Mbegu feki au iliyochoka? Vinasaba vyatoa siri ya pakiti mpakani

MSIMU wa kupanda unapokaribia, biashara ya mbegu za mahindi huchangamka Busia na Malaba. Maduka ya pembejeo hupanga pakiti za kilo mbili mahali zinapoonekana, waendesha baiskeli na bodaboda hubeba mizigo midogo midogo, na wakulima wa Amukura, Bumala, Tororo na Busia ya Uganda huulizana swali la kila mwaka: mbegu hii ni ya kweli au ni feki?

Swali hilo lina gharama. Mkulima aliyepanda mbegu mbovu hapotezi bei ya pakiti peke yake. Hupoteza pia mbolea, malipo ya vibarua na msimu mzima. Muuzaji naye hupoteza mteja, na habari zikienea hupoteza jina lake sokoni. Na kwa kuwa bidhaa huvuka mpaka kila siku, ni rahisi lawama nazo kuvuka. Aliye upande wa Kenya atadai mbegu mbovu imetoka Uganda, na aliye Uganda atadai imetoka Kenya.

Kwa miaka mingi ubishi huo haukuwa na mwamuzi. Punje ikishapakwa dawa ya rangi, hata mtaalamu hawezi kuitambua aina yake kwa macho. Ilibidi ipandwe, ingojewe miezi kadhaa, kisha mimea ilinganishwe shambani. Wakati huo muuzaji alikuwa ameshamaliza mzigo na mkulima ameshakula hasara.

Siku hizi mwamuzi yupo. Ni kipimo cha maabara kinachotumia alama za vinasaba, na majibu yake yamewashangaza hata waliokuwa na uhakika kwamba wanajua tatizo liko wapi.

Kitambulisho ndani ya punje

Kila seli ya mmea hubeba maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali ambazo wanasayansi huziita A, T, G na C. Mahindi yana herufi zaidi ya bilioni 2, zilizopangwa katika kromosomu 10. Ramani ya kwanza ya herufi hizo ilichapishwa mwaka 2009.

Ukilinganisha aina mbili za mahindi, herufi nyingi zitafanana. Lakini kuna mahali ambapo aina moja ina A na nyingine ina G. Mahali hapo pa tofauti ndipo panapoitwa alama ya vinasaba. Alama moja peke yake haielezi mengi, kama vile herufi moja ya jina haitoshi kumtambua mtu. Zikisomwa alama kadhaa kwa pamoja, aina hujulikana kama mtu anavyojulikana kwa alama za vidole.

Kazi yenyewe haina uchawi. Punje huoteshwa kwa siku chache, kipande kidogo cha jani hukatwa na kukaushwa, vinasaba hutolewa, kisha mashine hunakili mara nyingi sehemu zilizochaguliwa hadi zisomeke. Matokeo hulinganishwa na yale ya mbegu mama iliyohifadhiwa na mtafiti aliyeizalisha. Yakilingana, jina lililo kwenye pakiti ni la kweli. Yasipolingana, pakiti imesema uongo.

Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hakitegemei mvua, mbolea wala udongo. Mahindi yaliyopandwa kwenye rutuba ya Tororo na yale yaliyodumaa kwenye kichanga cha Busia yataonyesha herufi zile zile, mradi yametoka kwenye mbegu moja.

Utafiti mara mbili, picha mbili

Mwaka 2017, wachumi Tessa Bold, Jakob Svensson na David Yanagizawa-Drott, pamoja na mtaalamu wa udongo wa Uganda Kayuki Kaizzi, walichapisha utafiti uliozua gumzo. Walinunua mbolea na mbegu chotara za mahindi kwenye masoko ya Uganda, kisha wakazipima. Kwa wastani, mbolea ilikosa asilimia 30 ya kirutubisho kilichopaswa kuwamo. Kuhusu mbegu, walikadiria kwamba chini ya nusu ya kilichouzwa kama chotara ndicho kilikuwa chotara halisi.

Makadirio ya mbegu yalitokana na mavuno. Watafiti walichukua chotara halisi, wakaichanganya na mbegu za kienyeji kwa viwango mbalimbali, wakapanda, kisha wakaona mbegu za sokoni zinalingana na mchanganyiko upi. Kwa kuwa mbegu za sokoni zilivuna kidogo, ilionekana kana kwamba nusu yake ilikuwa imechanganywa.

Habari hiyo iliwaumiza wenye maduka. Kwa msomaji wa kawaida, maana yake ilikuwa moja: wauzaji ni walaghai.

Kisha ukaja utafiti mwingine. Alicia Barriga na Nathan Fiala walifuata mbegu za mahindi za Uganda hatua kwa hatua, kutoka kwa wazalishaji hadi kwenye rafu za maduka ya rejareja, na safari hii walipima vinasaba. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba vinasaba vya mbegu za madukani vilifanana kwa kiwango kikubwa na vya chanzo chake. Hawakuona dalili ya uchakachuaji mkubwa njiani. Walichokiona ni ubora unaoyumba: mbegu zilizoathiriwa na utunzaji mbaya na hifadhi duni.

Kwa lugha ya sokoni, mbegu nyingi hazikuwa feki. Zilikuwa zimechoka.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kama tatizo ni wizi, dawa yake ni polisi na faini. Kama tatizo ni joto la bati, unyevu wa sakafu na mzigo uliokaa msimu mzima, dawa yake ni ghala bora na mzunguko wa haraka wa bidhaa. Bila vinasaba, makosa hayo mawili huonekana sawa shambani, kwa sababu yote mawili humletea mkulima mavuno hafifu.

Hata hivyo, utafiti huo haumsafishi kila mtu. Walaghai wapo, na wanaopaka rangi nafaka ya chakula na kuiuza kama mbegu wamewahi kukamatwa katika nchi zote mbili. Kinachobadilika ni kwamba sasa muuzaji mwaminifu ana njia ya kujitenga nao.

Nafaka ikijifanya mbegu

Ulaghai ulio rahisi zaidi ni huu: mtu huchukua mahindi yaliyovunwa kwenye shamba la chotara, huyapaka rangi, huyafunga, na kuyauza kwa jina la chotara ile ile. Akiulizwa, hujitetea kwamba ni mahindi yale yale.

Vinasaba humuumbua kwa hesabu ndogo. Chotara rahisi zaidi huzaliwa na mistari miwili tofauti ya mahindi. Tuseme mahali fulani mama ana A mbili na baba ana G mbili. Kila punje ya chotara itapata A moja kutoka kwa mama na G moja kutoka kwa baba. Ukipima punje 100 kutoka kwenye pakiti halali, zote zitaonyesha A na G pamoja.

Sasa panda chotara hiyo, uvune, upime mahindi uliyovuna. Hata kama hayakuchanganyika na chavua ya shamba la jirani, karibu robo yatakuwa na A mbili, karibu nusu yatakuwa na A na G, na robo iliyobaki itakuwa na G mbili. Mchanganyiko huo ndio unaofanya shamba la mwaka wa pili liwe na mimea mirefu na mifupi, iliyowahi na iliyochelewa, na mavuno yaliyoshuka. Maabara huuona kabla mbegu haijapandwa.

Kwa anayefanya biashara ya nafaka na mbegu kwa pamoja, funzo liko wazi. Gunia la mahindi ya kula lina soko lake na pakiti ya mbegu ina soko lake. Rangi haiwezi kulihamisha moja liwe jingine.

Ugonjwa usiojua mpaka

Kuijua mbegu ni nusu tu ya kazi ya alama za vinasaba. Nusu nyingine ni kuitengeneza mbegu bora, na hapa watu wa Busia na Tororo wana sababu ya kufuatilia kwa makini.

Septemba 2011, wakulima wa Bomet nchini Kenya waliona mahindi yakigeuka manjano, majani yakikauka kuanzia pembezoni, na magunzi yakitoka matupu. Ulikuwa ugonjwa hatari wa mahindi unaojulikana kwa kifupi kama MLN. Mwaka uliofuata uliripotiwa Uganda, na wilaya za mashariki zinazopakana na Kenya, Busia na Tororo zikiwemo, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuguswa.

MLN huletwa na virusi viwili vinavyoshirikiana. Kimoja ni cha jamii ya virusi vya miwa na nyasi ambacho kilikuwapo Afrika Mashariki tangu zamani. Cha pili, kiitwacho MCMV, ndicho kilichokuwa kigeni. Kila kimoja peke yake hudhoofisha mmea, vikikutana huuua. Wadudu wadogo aina ya thripsi na mbawakavu wa majani husambaza MCMV, na vidukari husambaza kile kingine. MCMV huweza pia kusafiri ndani ya mbegu. Hutokea kwenye punje chache sana, lakini punje chache ndani ya lori zima zinatosha kufikisha ugonjwa mahali pasipokuwa nao.

Nchini Kenya, watafiti walikadiria kwamba hasara ya mwaka 2013 ilifikia takriban tani nusu milioni za mahindi, yaani zaidi ya moja ya tano ya mavuno ya kawaida. Kwa mfanyabiashara anayenunua Uganda na kuuza Kenya, upungufu kama huo huweza kupandisha bei kwa muda. Lakini ugonjwa ukishika pande zote mbili, hakuna wa kununua wala wa kuuza.

Septemba 2013, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, ambalo sasa ni KALRO, na kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, CIMMYT, walifungua kituo cha kupima MLN huko Naivasha. Humo maelfu ya mistari na aina za mahindi zilipandwa na kuambukizwa kwa makusudi. Habari ya kwanza ilikuwa mbaya: karibu aina zote zilizokuwa madukani zilishindwa.

Jeni kutoka Thailand

Habari njema ilitoka mbali. Mistari miwili ya mahindi iliyotoka Chuo Kikuu cha Kasetsart nchini Thailand, KS23-5 na KS23-6, ilistahimili MCMV kwa kiwango kikubwa. Wanasayansi walipochunguza vinasaba vyake waligundua kwamba sehemu kubwa ya uwezo huo imekaa mahali pamoja, kwenye kromosomu ya sita.

Lakini mahindi ya Thailand hayakuzoea mvua, udongo na magonjwa mengine ya Afrika Mashariki. Ilibidi kinga ile ihamishiwe kwenye mahindi ya hapa bila kubeba mengine yasiyotakiwa. Njia yake ni ya zamani: unazalisha Mthai na mwenyeji, kisha watoto wao unawarudisha kwa mzazi mwenyeji, tena na tena. Mtoto wa kwanza ana nusu ya urithi wa mwenyeji. Akirudishwa mara moja, kwa wastani wajukuu wana asilimia 75. Mara ya pili ni asilimia 87.5, na mara ya tatu karibu 94.

Tatizo ni kwamba kinga hii ina haya. Haionekani mpaka mmea uwe umeirithi kwa mama na kwa baba pia. Mmea wenye nakala moja huugua kama wasio nayo. Kwa hiyo kila ukirudisha kwa mzazi mwenyeji, watoto wote huugua, na mtafiti hawezi kujua kwa macho ni yupi aliyebeba kinga kimyakimya. Kwa njia ya zamani ilimlazimu kuupandisha kila mmea kwa chavua yake mwenyewe, kungoja kizazi kingine, kuambukiza, na kutazama nani amepona. Hivyo miaka ilikuwa ikipotea.

Alama za vinasaba zimeondoa kungoja huko. Miche ikiwa bado midogo, kipande cha jani hukatwa na herufi zilizo jirani na kinga husomwa. Aliyebeba hubakizwa, asiyebeba hung'olewa. Hakuna haja ya kuambukiza kila kizazi. Na kwa kutumia alama nyingine zilizotapakaa kwenye kromosomu zote, mtafiti huchagua pia mche uliorudi haraka zaidi kwenye sura ya mzazi mwenyeji.

Kwa kuwa kinga hiyo inahitaji nakala mbili, wazazi wote wawili wa chotara ni lazima waibebe. Mzazi mmoja hatoshi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kazi hiyo ichukue muda, na inayofanya aina zinazotajwa kustahimili MLN zitofautiane katika kiwango cha kustahimili. Aina za mwanzo zilitokana na uchaguzi wa mistari iliyokuwapo tayari Afrika. Uganda kuna Bazooka, yaani UH5354, iliyotokana na kazi ya shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, NARO, pamoja na CIMMYT. Kenya kuna H12ML na H13ML. Hizi hustahimili, hazina kinga kamili, na zikipandwa kando ya shamba lenye ugonjwa mkali bado zinahitaji uangalizi.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida haujafutwa na maabara: usipande mahindi juu ya mahindi misimu yote, badilisha na maharage, viazi vitamu au muhogo, ng'oa mimea iliyougua mapema, na usitumie mbegu kutoka shamba lililoshikwa.

Muhogo nao una hadithi yake

Mipakani hapa mahindi hayako peke yake. Muhogo ni chakula na ni biashara, na vipande vya kupanda huvuka kwa urahisi zaidi kuliko mbegu, kwani havina pakiti wala lebo. Wateso, Wasamia na Wajopadhola wamekuwa wakigawiana vipande hivyo kwa ndugu na majirani tangu kabla mpaka haujachorwa.

Katika miaka ya 1990 njia hiyo ya undugu ilikuwa pia njia ya maradhi. Batobato kali ilifagia muhogo wa Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba kirusi kilichohusika kilikuwa kimezaliwa kwa kuchanganyika kwa virusi viwili vya batobato.

Msaada ulitoka kwenye muhogo wa kienyeji wa Afrika Magharibi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha alama za vinasaba zinazoonyesha mahali pa jeni iitwayo CMD2, iliyopatikana katika muhogo wa Nigeria uliopewa namba TME3. Tofauti na kinga ya MLN, jeni hii haina haya: nakala moja inatosha. Mtafiti anaweza kuchagua miche yenye CMD2 hata mahali ambapo ugonjwa haupo.

Michirizi ya kahawia ni mzigo mwingine. Ugonjwa huu ulielezwa Tanganyika katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu ulijulikana kama ugonjwa wa pwani. Mwaka 2004 ulionekana tena Uganda na ukaenea kuelekea Ziwa Victoria na magharibi mwa Kenya. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana mazima huku mihogo chini ya ardhi imeoza madoa ya kahawia. Mnunuzi wa muhogo mkavu huuona pale tu mzigo unapokatwakatwa, na bei hushuka hapo hapo.

Dhidi ya ugonjwa huu hakuna jeni moja kubwa ya kushikilia kama CMD2. Uwezo wa kustahimili umegawanyika sehemu nyingi, kila sehemu ikichangia kidogo. Kwa hiyo kituo cha Namulonge nchini Uganda, kikishirikiana na mradi wa NextGen Cassava ulioanza mwaka 2012, kimetumia njia ya kusoma maelfu ya alama kwa wakati mmoja na kukadiria thamani ya mche kwa kujumlisha michango yote. Upande wa Kenya, kituo cha KALRO cha Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia, ndicho kilicho karibu zaidi na wakulima wa mpakani kwa utafiti wa muhogo.

Hii si GMO

Neno "vinasaba" likitajwa sokoni, wengi hufikiria GMO. Ni vitu viwili tofauti, na kwa mfanyabiashara tofauti hiyo ni ya kisheria pia.

Kuchagua kwa alama za vinasaba ni kusoma tu. Mahindi yanazalishwa kwa mahindi, muhogo kwa muhogo, chavua kwa ua, kama ilivyokuwa siku zote. Maabara humwambia mtafiti mche upi abakize. Hakuna jeni inayopachikwa. GMO ni pale jeni inapoingizwa kwenye mmea kwa mbinu za maabara, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine.

Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, serikali ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na mabishano yakaenda mahakamani. Uganda, Bunge lilipitisha mswada wa usalama wa teknolojia hiyo mwaka 2017 lakini Rais Yoweri Museveni hakuutia saini. Mbegu iliyochaguliwa kwa alama za vinasaba haihusiki na mvutano huo. Hupimwa, kusajiliwa na kuuzwa kwa kanuni zile zile za mbegu za kawaida.

Anayevuka mpaka ajue nini

Kwanza, karatasi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimefupisha foleni. Lakini hati hiyo haiondoi sharti la cheti cha afya ya mimea. Kwa mbegu na vipande vya kupanda masharti ni makali zaidi kuliko kwa nafaka, na kibali cha kuingiza hutafutwa kabla mzigo haujaondoka. Sababu ni MLN na batobato. Mbegu inayopitia njia za panya huenda ikawa ya kweli kabisa kwa jina na bado ikabeba kirusi.

Wafanyabiashara hawajasahau Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya usajili na vyeti. Malori yaliyokwama wiki ile yaliwaonyesha wengi kwamba kipimo cha maabara kinaweza kuwa na nguvu kuliko bei.

Pili, jina la aina. Nchi zote mbili ni wanachama wa COMESA, ambayo mwaka 2014 iliidhinisha kanuni za pamoja za mbegu: aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama inaweza kuingizwa kwenye orodha ya pamoja na kuuzwa katika nchi zote. Mfumo huo unategemea kitu kimoja, kwamba jina lililosajiliwa Kampala na jina lililosajiliwa Nairobi ni mmea mmoja. Alama za vinasaba ndizo zinazoweza kuthibitisha hilo bila ubishi.

Tatu, lebo. Kenya, pakiti yenye lebo ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, huwa na namba ya kukwangua inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kuhakikisha uhalali wake. Uganda, mbegu iliyothibitishwa huwa na lebo ya bluu, na ile ya wakulima iliyotangazwa ubora huwa na lebo ya kijani. Pakiti isiyo na lebo, hata kwa bei ya kuvutia, ni mzigo wa kukataa.

Nne, ghala, na hapa ndipo utafiti wa mwaka 2020 unapomgusa kila mwenye duka. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya zamani: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake ghalani huongezeka karibu maradufu, na kila joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5, maisha hayo huongezeka karibu maradufu tena. Geuza hesabu hiyo uone hali ya pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka, au iliyolazwa kwenye saruji yenye unyevu. Panga mbegu juu ya mbao, mbali na ukuta na bati, usiiweke pamoja na mbolea, na uuze kwanza iliyoingia kwanza.

Tano, jaribio la nyumbani. Kabla ya kununua mzigo mkubwa, chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, ziweke kivulini, uhesabu zilizoota baada ya siku saba. Mahindi mazuri huota 90 au zaidi. Jaribio hilo halitakuambia jina la mbegu, na kipimo cha vinasaba hakitakuambia kama mbegu ina nguvu. Mkulima anahitaji vyote viwili.

Mwisho ni kumbukumbu. Andika namba ya fungu iliyo kwenye kila pakiti, tunza risiti, na ubakize pakiti moja isiyofunguliwa ya kila mzigo mpaka mavuno. Mkulima akirudi na malalamiko, pakiti hiyo ndiyo shahidi. Ikipelekwa maabara, itaonyesha kama kosa ni la kampuni, la njiani, au la mvua iliyokatika mapema. Muuzaji asiye na pakiti hiyo atabaki na neno lake tu, na mkulima aliyepoteza msimu hana sababu ya kulipokea.